Mwaka Nilioshika Ufunguo wa Kabati la Chakula

Shangazi yangu Mejumaa tulimzika Mwabungo siku ya Jumatano, baada ya sala ya alasiri, na siku zote tatu za matanga nilikaa kwenye mkeka uani kwake nikisikiliza watu wakinisifu. Aliyeanza alikuwa Bi. Mwanatumu, jirani yake wa miaka mingi, ambaye sasa hasikii vizuri na kwa hiyo husema kwa sauti ya kufika nyumba ya pili. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akasita, akaninyooshea kidole chenye vumbi la pumba. "Huyu mnayemwona hapa," akawaambia wanawake waliotoka Ukunda na Msambweni, "ndiye aliyeilisha nyumba hii mwaka ule wa dhiki. Msichana wa miaka ishirini. Alikuwa akijinyima yeye ili marehemu na mtoto wale." Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akasema Mungu atanilipa, mwingine akasema watoto kama hao siku hizi hawapo. Niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu. Riziki, binti pekee wa marehemu, alikuwa akipita na sinia la vikombe. Alisimama kidogo, akanitazama, kisha akaenda zake jikoni. Mchana ule sikuweza kula. Nilisema tumbo linanisumbua, na hilo nalo likachukuliwa kuwa huzuni.

Mwaka anaousema Bi. Mwanatumu ndio huo nilipopata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani. Shangazi alinipa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, naye akahamia na Riziki chumba cha nyuma. Riziki alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko darasa la nane, msichana mwembamba wa maneno machache ambaye akila husafisha sahani mpaka inang'aa. Jiko lilikuwa kibanda cha makuti nyuma ya nyumba: mafiga matatu, mbuzi ya kukunia nazi iliyolainika mahali pa kukalia, kifumbu cha kukamulia tui kikining'inia kwenye msumari. Vyakula vikavu vilikaa ndani, katika kabati la mbao lenye milango ya wavu. Kabati lilikuwa na kufuli, lakini ufunguo ulitundikwa papo hapo kwenye kitasa, na yeyote aliyetaka alifungua. Alfajiri Shangazi alikaanga mahamri, akayauza kando ya njia pamoja na mbaazi za nazi, na yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa kifungua kinywa chetu. Mchana tulikula wali, na jioni sima na samaki, au mchicha uliopikwa kwa tui zito mpaka ukalala kabisa. Hakuwa na kipimo. Alichota mchele kwa viganja, akifika kiasi cha watu watatu hutazama mlangoni, kama mtu anayesikia hatua, kisha huongeza kiganja kimoja. Na kweli, mara nyingi mtu alitokea.

Hali ilibadilika polepole kisha kwa ghafla. Wageni wa hoteli walipungua, wenzangu wakapewa likizo zisizo na mwisho, mimi nikabakishwa kwa nusu mshahara. Unga ukapanda, mafuta yakapanda. Wakati huohuo Shangazi alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona, na alipokwenda zahanati akaambiwa ana sukari. Akapewa vidonge na kukatazwa kusimama muda mrefu, na hapo mahamri yakakoma. Nusu mshahara wangu ikawa ndiyo riziki ya nyumba nzima. Nilikuwa mdogo, na jambo lile liliniogopesha, lakini sitasema uongo: lilinipa pia kimo. Nilianza kusikia sauti yangu ikizungumza ndani ya nyumba kama sauti ya mwenye nyumba.

"Shangazi," nilimwambia jioni moja kibarazani, "tukienda hivi, mwezi hatutaumaliza."

"Mwezi huisha wenyewe, mwanangu. Sijapata kuona uliokwama."

"Unga umekwisha na leo ni tarehe kumi na nane. Na jana umempa Bi. Mwanatumu kibaba kizima."

"Alikuwa na wageni."

"Na sisi tulikuwa na nini?"

Alikuwa ameuweka mguu wenye kidonda juu ya kigoda, akiupepea nzi kwa ncha ya kanga. Nikamwambia anipe ufunguo, nitapima mimi, nitajua kilichoingia na kilichotoka. Aliinuka taratibu, akaingia ndani, akarudi nao. "Haya, shika," akasema. "Mimi nilifundishwa kupika. Kupima hakuna aliyenifundisha." Nilidhani amekubali kwamba amekosea. Leo naona alikuwa akinionea huruma, kwa kuwa alijua ni nani aendaye kazini na ni nani akaaye nyumbani, na hakutaka kubishana na mtu amlishaye.

Nikaweka taratibu zangu. Asubuhi chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, vipande viwili kila mtu. Mchana moto hauwashwi. Jioni sima, na mboga ya kunde au mchunga aliouchuma Riziki akitoka shule, na mara mbili kwa juma kipande cha ng'onda, samaki wale wa kukaushwa juani, ambao kwa chumvi yao hulazimisha mtu kula sima nyingi na maji mengi. Nazi moja niliigawa siku mbili, nusu leo nusu kesho, na machicha niliyakamua mpaka mara ya nne, maji yakitoka meupe kwa jina tu. Sukari ilikaa ndani ya kufuli. Kile kiganja cha mlangoni nilikifuta kabisa. Mtu akipiga hodi wakati wa chakula, tulifunika sufuria na kumkaribisha maji. Na kazi ile niliipenda. Nilipenda uzito wa ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la kanga. Nilipenda kuona kopo la maziwa ya unga nililofanya kibubu likianza kuwa zito. Jioni nilisimama mbele ya kabati, Riziki ameshika bakuli, nami nikapima unga kwa kikombe kisicho na mkono, nikausawazisha kwa upande wa kisu ili usizidi.

Kujibana si dhambi. Nyumba nyingi za huku kwetu zimevuka miaka mibaya kwa muhogo na mchunga, na watoto wakakua, na watu wakacheka baadaye. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka zaidi ya thelathini na siwezi kujilaumu kwa muhogo. Ninajilaumu kwa kuwa niliwapimia njaa yao kwa tumbo langu lililokuwa limeshakula.

Maana hotelini tulikuwa tukilishwa. Asubuhi, kabla ya kugusa shuka la kwanza, wafanyakazi walipewa chai ya maziwa na mkate wenye siagi. Saa saba mchana palikuwa na wali na maharage, na kwa kuwa wageni walikuwa wachache na jiko halikuwa limezoea uchache, kila siku kulibaki vitu vya mezani kwao: samaki, viazi, kuku. Mpishi wetu, kijana wa kutoka bara aliyeitwa Ouma, hakupenda kuona kitu kikitupwa. "Siti, ongeza bana," angeniambia, amesimama na mwiko. "Tukiacha hii inaenda kwa pipa, na bosi hataki chakula itoke kwa geti." Kutoka nacho ilikuwa mwiko kweli, askari alipekua mikoba ya kila mmoja wetu. Basi nilikula. Nilikula mpaka nikavimbiwa, kisha nikarudi Mwabungo kwa miguu, nikafungua kufuli, nikapima unga.

Mwanzoni sikudanganya. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Sentensi moja tu ingetosha: mimi nimekula kazini, fungu langu gawaneni. Lakini siku za kwanza sikuisema kwa kuwa niliona haya, na baadaye sikuisema kwa sababu ya sifa. Jioni nilikaa nao kwenye sinia, nikamega matonge manne madogo, nikanawa. Shangazi akamwambia Riziki, "Tazama dada yako alivyo na kiasi. Amefua kutwa nzima na ameridhika na hiki." Riziki akautoa mkono wake kwenye sinia, ingawa sima ilikuwa bado ipo. Niliuona mkono ule ukitoka. Nilijisikia vibaya kwa kitambo, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani, kisha nikajisikia vizuri, kwa kuwa kiporo kile kingetosha kupashwa moto asubuhi na muhogo ungesalimika.

Kuna siku niliyopewa nafasi ya kulijua jambo lote waziwazi. Ilikuwa Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nami nilikuwa nikitoka kisimani na ndoo. Nyuma ya ua wa makuti nilimsikia Bi. Mwanatumu akisema na Shangazi.

"Mejumaa, mbona unakonda hivi?"

"Ni sukari, dada."

"Sukari au njaa?"

Shangazi akacheka kidogo. "Sasa nitakulaje kumshinda mtoto anayenitafutia? Yeye akila matonge manne, mimi nile kumi? Haya yangu nitayaweka wapi?"

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Anajinyima, maskini. Yeye ndiye wa kuhurumiwa."

Nilisimama na ile ndoo mpaka mkono ukafa ganzi. Ningeweza kuzunguka ua, nikamwambia palepale. Badala yake nilirudi hatua kadhaa, nikakohoa, nikaja kwa kishindo kama mtu anayefika tu wakati huo. Bi. Mwanatumu akaniamkua, nami nikamwambia shikamoo. Jioni ile nilijisemea kwamba watu wazima hupenda kutia chumvi, na kwamba mwezi ujao, hali ikitulia, nitaongeza kikombe. Mwezi uliofuata mafuta yalipanda tena.

Kisa cha kuku kilitokea baada ya hapo. Nilikuwa nimemwambia Ouma kwamba naishi na shangazi mgonjwa na mdogo wangu wa shule, na alasiri moja akaniita nyuma ya jiko, akanipa vipande viwili, paja na kidari, vimefungwa vizuri. "Peleka kwa mathe," akaniambia. "Askari ni beshte yangu, hatakugusa." Nilivifunga kiunoni chini ya kanga, bado vina moto, nikapita mlangoni. Nilishika ile njia ya vichakani nyuma ya viwanja, nikiwa na furaha kabisa. Nilikuwa nikiona uso wa Riziki. Nilipanga hata maneno nitakayosema. Harufu ikanipanda: binzari, kitunguu saumu, ndimu. Nikafungua ili nione kama havijapondeka. Nikala ngozi, ile tu iliyokuwa imejitenga upande mmoja. Kisha nikaona kwamba paja sasa halipendezi, na kumpelekea mtu kitu kilichoguswa si adabu, nikalila. Nikajiambia kidari kitawatosha wawili. Nilikuwa nimekula wali sahani nzima saa saba. Sikuwa na njaa hata kidogo, na hapo ndipo panaponichoma mpaka leo, kwa sababu mwenye njaa ana udhuru. Kidari nilikimaliza nikiwa nimesimama, nimeupa mgongo upande wa kijiji. Mifupa nikaitupa kichakani na kunawa kwenye bomba la msikiti.

Nilipofika jua lilikuwa linazama. Riziki alikuwa akipuliza moto. Nikamwamkia Shangazi, nikaubusu mkono wake, naye kama kawaida yetu akaushika wangu, akauleta usoni kwake ili aubusu. Aliushika muda mrefu kidogo kuliko siku nyingine. Kisha akauachia. "Umechelewa leo," akasema. "Kaa ule, nimekuwekea." Alikuwa ameniwekea sima ya fungu langu na mchunga, na juu yake kipande cha ng'onda ambacho, kwa kipimo changu mwenyewe, kilikuwa chake. Nikamwambia nimechoka, sina hamu. "Basi mpe Riziki," akasema, na Riziki akakila kabla sijamaliza kukisogeza.

Majuma machache baadaye, mtihani wa Riziki ukiwa umekaribia, Shangazi alianza kumpa mtoto muhogo wake wa asubuhi. Hilo nililijua baadaye. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwonya kwamba vidonge vile havimezwi tumbo likiwa tupu, lakini alivimeza hivyohivyo, kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Asubuhi moja mimi nilikuwa kazini na Riziki yuko shule. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, akaishiwa nguvu, akaanguka mbele, na mkono wake wa kulia ukaingia katika makaa. Bi. Mwanatumu alisikia sufuria ikianguka. Yeye ndiye aliyemtoa, na mchuuzi mmoja wa samaki mwenye pikapu akawapeleka Msambweni.

Habari zilinifikia hotelini, na nilipofika hospitali ilikuwa adhuhuri. Riziki alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na sare yake ya shule. Shangazi alikuwa amezinduka, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, ameshika kalamu.

"Sukari yake ilikuwa imeshuka sana," akasema. "Jana alikula nini?"

Riziki ndiye aliyejibu. "Sima na mchunga. Kidogo."

"Na mchana?"

"Mchana hatuli."

"Na asubuhi?"

Riziki akamtazama mama yake, kisha akatazama sakafu. "Alinipa mimi."

Daktari akaandika. "Nyumbani kwenu nani anayepika?"

"Mama ndiye mpishi," akasema Riziki. "Dada Siti ndiye anayepima."

Kalamu ikasimama. Daktari akanigeukia. Nakumbuka alivyonitazama, uso kwanza, kisha mikono, kisha mashavu yangu yaliyojaa. "Na wewe, dada, unakula nini?"

"Ninakula wanachokula wao," nikasema.

Kutoka kitandani, kwa sauti kavu, Shangazi akasema, "Tunakula pamoja, daktari. Sinia moja." Na kwa vile mgonjwa mwenyewe ameshasema, mambo yakaishia hapo.

Alikaa hospitali majuma mawili. Kile kibubu changu chote, mwezi kwa mwezi, kiliishia katika dawa, bendeji na nauli. Njaa yao ndiyo iliyokijaza, na njaa yao ikakimaliza. Nilirudisha ufunguo kwenye kitasa cha kabati bila kumwambia mtu, nami nikaanza kununua mayai.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimlisha uji chumbani kwake, kwa kuwa mkono wa kulia hakuweza kuutumia. Dirisha lilikuwa wazi, jua la asubuhi limeingia mpaka kwenye mto. Alimeza vijiko vichache, kisha akasema, bila ya haraka, "Siti, siku ile uliyochelewa, mkono wako ulikuwa unanukia kuku."

Kijiko kikasimama hewani.

"Sikulaumu," akaendelea. "Mimi kwa umri wako ningetafuna hata mifupa. Nataka ujue tu kwamba nilijua. Usije ukalibeba peke yako."

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba hawakupata nafasi ya kuomba radhi. Mimi niliipata. Aliileta mwenyewe, akaiweka mbele yangu kama sahani. Nami nikasema, "Kuku gani, Shangazi?"

"Kuku wa kazini kwenu."

"Mimi sikula kuku. Itakuwa sabuni. Wamebadilisha sabuni ya kufulia, hii mpya ina harufu kali."

Alinitazama. Hakukuwa na hasira katika yale macho. Kulikuwa na uchovu, na kitu kingine kama mtu anayemwona mtoto akitembea kuelekea shimoni na yeye hawezi kuinuka. "Basi itakuwa sabuni," akasema. "Pua yangu nayo imezeeka." Akafungua kinywa apewe kijiko kingine.

Mkono ule ulipona lakini vidole viliviringika kuelekea kiganjani, na havikukanda unga tena. Riziki aliufanya mtihani wake akiwa amekosa masomo ya majuma mawili. Hakufanya vizuri, na hata angefanya vizuri karo haikuwepo. Mwaka uliofuata alikuwa amekaa pale pale alipokaa mama yake, kando ya njia, na karai la mafuta. Mimi niliolewa Likoni. Nilimtumia Shangazi mchele, sukari, kanga za Idi, na simu za mkononi zilipokuja nikawa nikimtumia pesa kila mwezi bila kukosa. Nilimtumia kila kitu isipokuwa neno lile. Kila nilipokwenda kumtazama alichinja kuku, akanipa paja, kama wageni wanavyopewa. Najua hakuwa akinisimanga. Hakuwa mtu wa aina hiyo. Nilikula, nikamsifu, tukazungumza habari za watoto. Nyumbani kwangu hupika chakula cha kuwatosha majirani, na wanangu hunicheka wakidhani ni ukarimu.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake walipokuwa wamelala kidogo baada ya adhuhuri, nilimfuata Riziki jikoni. Alikuwa amechutama akisugua sufuria kwa jivu. Nikachutama mbele yake, nikachukua kifuniko, nikaanza kusugua, na nikamwambia. Nilimwambia habari za mkate wenye siagi, za wali na maharage, za vipande viwili na kule kichakani. Hakuinua kichwa.

"Mimi mwaka ule nilikuwa nikila chaki," akasema. "Shuleni. Nilikuwa nikiokota vipande chini ya ubao. Chaki hutulia tumboni kidogo."

Niliendelea kusugua kifuniko.

"Na ile siku ya uji," akasema, "nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kila neno. Ulipotoka nikamuuliza Mama, kumbe Dada alikula kuku? Akaniambia ni sabuni. Akaniambia nisirudie kusema maneno hayo mbele ya mtu yeyote, maana wewe ni mtoto wa kaka yake na una aibu nyepesi." Akamwaga maji machafu, akachota mengine. "Miaka yote hiyo nimekaa na sabuni yako, Siti. Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyebaki."

"Ulipaswa umwambie yeye."

"Najua."

"Hujui," akasema, si kwa ukali. Akainuka, akaichukua sufuria na kuondoka.

Alasiri ile kilipoletwa chakula cha mwisho, Bi. Mwanatumu alianza tena kuwaeleza waliokuja siku hiyo jinsi nilivyoilisha nyumba. Nilimwacha afike kwenye kujinyima, kisha nikamshika goti. "Mama," nikasema kwa sauti ya kutosha ili asikie, na kwa hiyo wakasikia wote, "sikujinyima. Nilikuwa nikila kazini. Waliokuwa wakilala na njaa ni wao."

Mikono ikasimama juu ya sinia. Bi. Mwanatumu akanitazama kinywani, hakuwa na hakika amesikia sawasawa. "Hayo ni mambo ya zamani, mwanangu," akasema hatimaye. "Leo ni siku ya marehemu. Marehemu hasemwi."

"Simsemi marehemu. Najisema mimi."

Mwanamke mmoja akaanza kunituliza, akisema msiba huwafanya watu kujitwika hata wasiyoyatenda. Ndipo Riziki, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasema, "Mwacheni amalize."

Nikamaliza. Ilichukua muda, na hakuna aliyenisaidia. Nilipofika kwenye uji na sabuni, Bi. Mwanatumu aliuvuta ukingo wa kanga yake, akajifunika uso, na sikujua analia kwa ajili ya nani. Baadaye watu walikula, kimya kimya, kisha wakaagana mmoja mmoja. Wachache walinipa mkono. Wengine walipita upande wa pili wa mkeka, na sikuona kosa lao.

Nilikuwa nikifunga mfuko wangu nirudi Likoni Riziki aliponijia. Alikuwa amevua mtandio, nywele zake zimeingia mvi kuliko zangu ingawa nimempita miaka mitano. "Kesho narudi kazini," akasema. "Saa kumi alfajiri nakanda unga. Ukitaka kusaidia, lala hapa uamke. Ukitaka kulia, ukalie kwenu Likoni."

Saa tisa na nusu nilikuwa jikoni, nimeshauchekecha unga. Riziki aliingia na taa, akautazama, akasema ni mchache, akaniambia niongeze.